Udongo wa Anti Metrine

Ijumaa asubuhi mtaa wa Malaz, jijini Riyadh, huchelewa kuamka. Maduka huwa yamefungwa, teksi hupita moja moja, na katika jengo ambamo Emmah aliishi na wazazi wake, kinachosikika ni viyoyozi tu vikinguruma madirishani kama wazee wanaokoroma. Emmah, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliosha vyombo vya chai, akafagia sebule, akamwagilia mmea wa mama yake uliokuwa ukijitahidi kuishi kwenye kopo la rangi. Kisha akaketi mbele ya kompyuta ya baba yake kufanya zoezi, kama alivyofanya kila Ijumaa.

Baba yake, Titus, alikuwa fundi wa kompyuta. Juma hilo hakuwepo; alikuwa ametumwa Jeddah kufunga mashine katika zahanati moja. Lakini tangu mwaka uliopita alikuwa akimfundisha Emmah kuandika programu kwa lugha iitwayo C.

"Lugha hii haikubembelezi," alimwambia siku ya kwanza. "Ukiiambia ruka, inaruka. Kama mbele kuna shimo, shauri yako."

Somo la mwisho lilikuwa la kufuta faili. Baba alimweleza kwamba ukifuta faili kwa kipanya, inaenda katika kikapu cha taka, na ukijuta unaichomoa. Lakini programu yako ikitumia amri ya unlink, unakuwa umeuagiza mfumo wenyewe wa kompyuta, na mfumo hauweki kikapu. Kwa hiyo alimpa masharti mawili. Afute ndani ya folda ya mazoezi peke yake, na programu yake iulize kila mara, "Una hakika?" kabla ya kufuta faili yoyote. Emmah akaandika programu hiyo vizuri, akaiita Mfagio.

Asubuhi hiyo anga lilikuwa na sura mbaya. Upande wa kusini, kule Manfuha, mawingu ya vumbi yalikuwa yamesimama kama ukuta wa rangi ya kahawia. Jua lilikuwepo, lakini lilififia kama taa inayokaribia kuisha mafuta. Mama yake, Damaris, alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati. Alichungulia dirishani, akatikisa kichwa.

"Ghubari ndiyo hiyo inakuja," alisema. "Mungu asaidie Metrine afike kabla haijatushukia. Emmah, kile kidirisha cha video usikifunge, umesikia? Nimekisimamisha mahali penyewe."

"Nimesikia, Mama."

Metrine alikuwa binamu ya Mama. Alifanya kazi za nyumbani kwa familia moja kule Jeddah. Mwezi uliotangulia mama yake mzazi alifariki huko Bungoma, na Metrine hakuweza kwenda kumzika. Ndugu yake, Kevin, alirekodi mazishi kwa simu, video tatu, akazituma kwa Titus, kwa sababu simu ya Metrine ilikuwa ndogo na haikuweza kuzibeba. Siku chache baadaye Kevin akaibiwa simu yake stendi. Titus naye alishazifuta simuni mwake, basi duniani kote video hizo zilibaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta hii.

Sasa bosi wa Metrine alikuwa amekuja Riyadh na familia yake kwa arusi, na madam, mke wa bosi, alikuwa amemruhusu Metrine apite Malaz baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwa akija kwa jambo moja. Kwao, kila mtoto wa marehemu hutupa udongo kaburini kwa mkono wake, na asiyekuwepo hutupiwa na nduguye huku akitajwa jina. Kulikuwa na shangazi mmoja kijijini aliyempigia Metrine simu akamwambia kwamba kaburi lilifungwa bila yeye kutajwa. Tangu siku hiyo Metrine alikuwa hali vizuri wala halali vizuri. Alitaka kuona kwa macho yake.

Mlango uligongwa. Alikuwa Wesley, kijana wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akisoma naye. Mkononi alikuwa na flashi.

"Nimeleta ule mchezo wa mpira," alisema, akivua viatu. "Weka haraka kabla babangu hajaniita."

Emmah akachomeka flashi. Kompyuta ikakataa, ilikuwa imejaa.

"Ngoja nifanye nafasi," Emmah alisema. Alijua kuna folda ya video iliyojaa vibonzo na magoli ya mpira ambayo yeye na Wesley walikuwa wameyarundika humo tangu likizo. Akaingia katika folda hiyo, akaita Mfagio, akiona fahari kidogo. Kioo kikaandika: Una hakika? Akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena kwa faili ya pili. Akabonyeza. Ikauliza kwa ya tatu.

Wesley akacheka. "Ai, hii program yako ni kama nyanya yangu. Una hakika umekula? Una hakika umefunga mlango? Tutabonyeza mpaka tuote ndevu."

"Wewe utaota wapi? Kidevu kama yai."

"Sawa, lakini program inayoogopa si program. Ni karani."

Neno hilo lilimchoma Emmah. Akafungua Mfagio, akatafuta mstari unaouliza, akauondoa. Akaiandaa programu upya bila mstari huo. Mkono wake ulisita kidogo juu ya kibodi, maana alikumbuka kwamba hii haikuwa folda ya mazoezi. Lakini Wesley alikuwa nyuma yake akitazama. Akabonyeza.

Haikuchukua hata muda wa kupepesa jicho. Hakukuwa na sauti wala onyo. Folda ikawa tupu.

"Sasa hiyo ndiyo program," Wesley alisema.

Emmah alisogeza uso karibu na kioo. Alikuwa akiitazama ile folda tupu. Vibonzo vilikuwa na majina. Magoli yalikuwa na majina. Lakini kulikuwa na faili nyingine tatu zilizokuwa na namba tupu, namba ndefu kama zile ambazo simu huzipa video zenyewe. Alikumbuka sasa jioni ile Baba alipozihifadhi. Alizihifadhi humu humu.

"Wesley," alisema kwa sauti ndogo, "nimefuta mazishi."

"Mazishi gani?"

"Ya mama yake Anti Metrine. Yote."

Wesley akainama kwenye kioo. "Angalia kwa kikapu."

"Hakuna kikapu."

Nje vumbi lilifika. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kwa kunyamaza. Jengo la ng'ambo likapotea, kisha nguzo ya taa, kisha ukuta wa jirani. Mwanga wa sebule ukageuka rangi ya chai. Na katika mwanga huo, kile kidirisha cha video alichokisimamisha Mama kilikuwa bado kiko palepale, kwenye pembe ya kioo. Kevin, amevaa koti jeusi, ameinama kando ya kaburi, ngumi imefumba udongo. Nyuma yake watu wamesimama, nyuso zimeelekea mbele, kama wanaosubiri mtu aseme neno.

Emmah aliogopa picha hiyo kuliko alivyoogopa folda tupu. Faili haikuwepo, alikuwa ametazama mwenyewe. Basi picha hii ilitoka wapi? Ilikuwa kama kumkuta mtu amekaa kitini pake baada ya kuambiwa ameshasafiri.

"Zima mashine," Wesley alinong'ona. "Emmah, sikiza. Zima tu. Na vumbi hili, watasema ni stima, umeme umekatika. Si mashine za watu huharibika kila siku? Hakuna mtu atajua."

Lilikuwa jambo rahisi sana. Betri ya kompyuta ile ilikufa zamani. Iliishi kwa waya peke yake. Hakuhitaji hata kubonyeza kitu. Waya ulikuwa karibu na mguu wake, na plagi yenyewe ilikuwa imelegea ukutani. Akiugusa kwa kidole cha mguu, picha ile itazimika, watu wale wataacha kumtazama, na yeye atakimbilia jikoni kusema, "Mama, mashine imezimika." Taa ya dari ikafifia mara moja, ikarudi. Hata stima yenyewe ilikuwa kama inamkonyeza.

Emmah akasogeza mguu.

Jikoni simu ya Mama ililia. "Ee, Metrine," alisikika akisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu. "Mmetoka? Dereva aende polepole, hatuoni hata jirani huku. Njoo, mwanangu. Iko tayari. Nimekusimamishia pale Kevin ameshika udongo. Sijasonga mbele, nimekuachia wewe. Ukifika unabonyeza tu."

Mguu wa Emmah ukaganda. Akaurudisha chini ya kiti, akasimama.

"Usiseme," Wesley alimwomba. "Utachapwa. Mimi pia nitachapwa."

Emmah akaenda jikoni. Mama alikuwa ameweka simu chini, unga umemfika viwikoni.

"Mama, nimefuta video za Anti Metrine," alisema haraka. "Niliondoa ule mstari wa kuuliza. Nilifanya nje ya folda ya mazoezi. Zimekwenda zote tatu."

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Zote?"

"Zote. Lakini kile kidirisha bado kinaonyesha picha. Sijui kwa nini."

"Umekigusa?"

"Hapana."

"Basi mtu yeyote asikiguse." Akafuta mikono kwa kanga yake, akampigia Baba.

Simu ya Jeddah ilikawia kupokelewa. Mama aliweka sauti ya nje, na nyuma ya Baba walisikika watu wakivuta meza sakafuni. Emmah akasimulia tena, kila kitu, hata karani na kidevu kama yai.

"Umezima kompyuta?" Baba aliuliza.

"Bado, Baba."

"Video iko wazi? Imesimama tu?"

"Ndiyo."

Walimsikia akivuta pumzi. "Sikiliza vizuri, Emmah. Unlink haichukui faili na kuichoma moto. Inaondoa jina lake katika folda. Lakini kama kuna programu bado imeishika faili ile mkononi, mfumo hauwezi kuinyang'anya. Unangoja mpaka yule wa mwisho aiachie. Akiiachia tu, halas, imekwenda, na kuirudisha ni bahati tu. Sasa ile programu ya video ndiyo imeishika. Ukikifunga kidirisha, imeiachia. Kompyuta ikizimika, imeiachia. Tumeelewana?"

Emmah alitazama waya karibu na mguu wa kiti. "Tumeelewana."

"Damaris, uko hapo? Jengo hilo likizidiwa, swichi kuu inaruka. Zima kiyoyozi, friji, kila kitu. Acha soketi ya kompyuta na taa ya sebule tu."

Mama akazunguka nyumba nzima akizima. Kimoja kimoja, vitu viliacha kunguruma, mpaka nyumba ikawa kimya na joto likaanza kuingia kama mgeni asiyebisha hodi. Vumbi lilipenya chini ya mlango. Taa za jirani zilififia, zikarudi, zikafifia tena.

"Plagi imelegea," Emmah alisema.

Wesley, ambaye alikuwa amebaki karibu na mlango, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, akakitupa kiatu. Akapiga magoti, akaishika plagi ukutani kwa mikono miwili. "Naishika mimi," alisema. "Endelea."

Baba alimwongoza neno kwa neno. Kwanza afute mchezo uliokuwemo katika ile flashi ya Wesley, apate mahali pa kuhifadhia; ndani ya kompyuta asiandike kitu, kitu kipya kisije kikaandikwa juu ya mabaki ya zile video nyingine mbili. Kisha wakatafuta namba. Kila programu inayotembea, Baba alieleza, hupewa namba na mfumo, na kwa namba hiyo unaweza kuona vitu vyote ilivyovishika. Emmah aliandika amri, akaikosea, akaiandika tena. Jasho lilimdondoka kwenye kibodi. Orodha fupi ikatokea, na mwishoni mwake mstari mmoja uliokuwa na zile namba ndefu za simu ya Kevin, na kando yake mfumo umeandika kwamba faili hiyo imefutwa.

"Baba, iko. Imeandikwa imefutwa, lakini iko."

"Ni moja tu?"

"Moja tu."

"Basi nyingine mbili hazikuwa na wa kuzishika," Baba alisema taratibu. "Nakili hiyo kwenye flashi. Usiihamishe, usiifungue. Nakili."

Emmah akabonyeza. Kitaa cha flashi kikaanza kupepesa. Taa ya dari ikazimika kabisa, na Mama akashika ukingo wa meza. Lakini kioo cha kompyuta hakikuzimika. Ilikuwa balbu tu iliyoungua. Wesley hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kubana plagi.

Kitaa kikaacha kupepesa.

"Fungua ile ya kwenye flashi," Baba alisema. "Ile ya zamani usiiguse bado."

Emmah akaifungua. Sauti za Bungoma zikajaa sebuleni, upepo ukivuma kwenye simu, mtoto akikohoa, wanawake wakiimba kwa mbali. Mama akafunika uso kwa kanga.

"Zile mbili nitajaribu nikirudi," Baba alisema. "Lakini siahidi kitu. Na Emmah, tutaongea."

"Ndiyo, Baba."

Metrine alifika wakati vumbi limeanza kutulia. Alikuwa mwanamke mwembamba, abaya yake imegeuka ya kijivu mabegani, macho yake mekundu si kwa vumbi peke yake. Alimkumbatia Mama muda mrefu. Kisha Mama akasema, "Metrine, kuna jambo. Emmah atakwambia mwenyewe."

Kumwambia Baba kulikuwa kugumu. Huku kulikuwa kugumu zaidi, kwa maana Metrine alikuwa akimtazama kwa uso wa upendo. Emmah akasema yote, hata alivyokaribia kusingizia stima. Akasema kwamba video ya nyimbo za kanisani na ile ya wageni nyumbani zimepotea, na kwamba ni yeye aliyezipoteza, kwa kujigamba.

Metrine akakaa chini. Alivuta ushungi wake, akaukunja, akaukunjua. "Na ya kaburi?"

"Ya kaburi ipo, Anti."

"Niwekee."

Kevin aliinama tena, ngumi imefumba udongo. Safari hii alisogea. Akaurusha, akasema maneno kwa lugha ya kwao. Kisha akainama mara ya pili, akachota mwingine, akasimama akiwa ameuinua ili kila mtu auone. "Na huu ni wa Metrine," alisema kwa sauti kubwa. "Mama, usiseme hakuja. Mkono wangu ndio wake."

Metrine alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akaomba airudie. Akaomba tena. Machozi yalimtiririka, na hakuyafuta.

Baadaye, wakila chapati, aligeuka kwa Emmah. "Hizo mbili zilizopotea, ulizitazama?"

"Nilizitazama na Mama, siku zilipokuja."

"Basi nisimulie."

Emmah akasimulia. Wanakwaya walivaa zambarau. Mzee mmoja alianza wimbo juu mno, wakalazimika kuuanza upya, na watu wakacheka kidogo. Nyumbani kulikuwa na sufuria tatu kubwa nje, na mbwa mweupe aliyefukuzwa na kurudi, akafukuzwa na kurudi.

"Huyo ni Simba," Metrine alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Na mama mkwe wa Kevin alisema nini?"

Emmah alifikiri. Angeweza kubuni maneno mazuri, na Metrine angeyapokea. "Hapo sikumbuki, Anti."

"Vizuri. Usiongeze."

Honi ya dereva ililia chini. Metrine akasimama, akavaa ushungi, akaweka flashi yenye nakala yake ya video ndani kabisa ya mkoba. Mlangoni alimshika Emmah mabega yote mawili.

"Nimekasirika," alisema. "Sitakuficha. Zile nyimbo nilizitaka. Lakini sikiliza, na wewe Wesley sikiliza. Mngeniambia ni stima, ningewaamini. Ningerudi Jeddah nikilaumu vumbi, na maisha yangu yote ningeamini mama yangu alizikwa bila mkono wangu. Kosa lako, mwanangu, limekula mbili. Uongo ungekula na hii ya tatu."

Akambusu kwenye paji la uso, akashuka ngazi.